Mjomba wa Mlangoni na Sera za Chama Chake

Mdogo wangu alinipa habari ile kwa simu, Jumapili baada ya kanisa, katikati ya ubishi wetu wa kila wiki kuhusu maharage. Yeye anaishi Uholanzi, mimi naishi Birmingham, na kila mmoja wetu anaamini kwamba nchi ya mwenzake haina maharage ya kuliwa na binadamu. Nilikuwa namweleza kwamba hapa Small Heath siku hizi unapata mpaka yale ya madoadoa kama ya kwetu Kivu, mara akasema, kwa sauti ile ile ya maharage, "Yaya," yaani dada mkubwa kwetu, "wiki hii nimepiga kura. Nimewapa wale wa nchi kwanza."

"Wale wepi?"

"Wale wanaotaka mipaka ifungwe."

Nikadhani simu imekatika. Kumbe ni mimi niliyeishusha kutoka sikioni.

Inafaa nieleze, maana asiyemjua anaweza kumfikiria vibaya, na mimi sipendi mtu afikiriwe vibaya kabla hajaonekana. Mdogo wangu aliingia nchi ile akiwa mkimbizi kijana, amevaa koti la mtu mwingine lililomfika magotini. Leo ana paspoti yao, ana baiskeli yao, na anapanda baiskeli hiyo kwenye mvua bila kulalamika, jambo ambalo kwangu ndiyo alama ya uraia kamili. Anafanya kazi katika nyumba ya wazee: anawaogesha, anawavalisha, anawapeleka mezani. Ni mtu mpole. Hajawahi kumpiga hata mbuzi.

Kama ingekuwa siku nyingine ningemwachia kura yake, kila mtu na yake. Lakini binti yangu alikuwa amepata mchumba, na kwetu, siku wakwe wanapokuja kujitambulisha, mlango haufunguliwi na mama wala na baba. Mjomba ndiye anayesimama kizingitini. Wageni wanabaki nje, mjomba anawauliza maswali, wanajibu, na mpaka yeye aseme "ingieni" hakuna anayeingia. Asiposema, wanarudi na soda zao. Baba wa binti yangu alishatangulia, ndugu zake wako Kongo, na mjomba ni mmoja tu aliyebaki, huyo wa maharage.

Na huyo kijana, mchumba, alifika Uingereza miaka michache tu iliyopita kwa njia ambazo watu huwa hawazielezi mezani. Serikali ikamweka hotelini akisubiri majibu, akapata kibali, sasa anaosha mabehewa ya treni kule Tyseley na anakuja kwetu akiwa ananukia sabuni kali. Kabla ya hapa alikuwa amejaribu nchi nyingine, ikamkataa. Nchi hiyo ni Uholanzi.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa rahisi kulisema: mtu pekee mwenye haki ya kumfungulia mlango mkwe wangu alikuwa amepiga kura milango ifungwe.

Nilimwambia binti yangu siku ile ile, maana nikificha kitu uso wangu unanitangaza. Alikuwa anapaka kucha rangi. Anaelewa Kiswahili chote, hata cha kusengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo hapa ninatafsiri.

"Asije," akasema.

"Ni mjomba wako."

"Mama, atamwaibisha mbele ya watu."

"Hatamwaibisha."

"Unajuaje?"

Nikasema sijui. Ndiyo kweli, sikujua. Akafunga kile kichupa cha rangi taratibu, akaniambia kwamba mjomba anaweza kuja, lakini akitamka neno moja tu la mipaka pale mlangoni, yeye atachukua koti lake, atatoka na mchumba wake, na watafunga ndoa ofisini na mashahidi wawili kutoka kazini kwake, bila mjomba, bila soda, na bila mimi kuvaa kile kitenge nilichokwisha kushonesha. Binti huyu hatishii bure. Akiwa mdogo alisema hatakula bamia, na mpaka leo hajala.

Sasa mimi nilisoma mpaka darasa la sita, na hilo la sita lenyewe hesabu zilinishinda. Siwezi kujisifu kwamba naelewa siasa za hapa, sembuse za kule. Lakini nikajiambia: unamchukia nani kwa karatasi ambayo hujaisoma? Huenda mle ndani mna jambo. Huenda hamna. Nikamwomba binti yangu anitolee sera za chama hicho kwenye mashine ya kazini kwao. Akanikodolea macho kama niliyemwomba animwagie mafuta ya taa. Lakini alizileta.

Zilikuwa kwa Kiholanzi. Nikazipeleka kwa mwanamke wa Kisomali mwenye duka la mchele na vitambaa pale Coventry Road, mteja wake ni mimi tangu nihamie mtaa huu. Alikulia Nairobi, akaishi Uholanzi muda mrefu, akazaa huko, halafu akahamia huku na watoto kama Wasomali wengi wa mtaa wetu. Kiswahili chake ni cha Eastleigh, kinakimbia.

"Kwani unahamia huko sasa?" akaniuliza.

"Hapana. Nataka kujua mdogo wangu amekubali nini."

"Haya, leta." Akavaa miwani. "Lakini mteja akiingia, siasa inangoja."

Nikakaa juu ya gunia la mchele na kalamu yangu. Nilikuwa nimejiwekea utaratibu: jambo zuri, alama ya vema. Jambo baya, alama ya kosa. Jambo nisilolielewa, alama ya kuuliza. Niliogopa alama za kuuliza zitajaa ukurasa.

"Hapa wanasema kodi za nyumba zishuke," akasoma.

"Zuri."

"Zuri sana. Hapa wanasema ukiumwa, ile pesa ya kwanza unayotoa mfukoni kabla bima haijalipa, iondolewe."

"Zuri."

"Hiyo mimi ningewapa kura! Wewe hujui vile ilituuma. Haya, hapa wanasema mtu akitesa mnyama, adhabu kali." Akaniangalia juu ya miwani. "Hawa watu na mbwa wao."

"Lakini hata mimi naona mbwa asipigwe," nikasema, nikaweka vema.

"Hapa wanasema nyumba za wazee ziongezewe wafanyakazi. Mzee aoshwe bila kukimbizwa."

Hapo nilisimamisha kalamu. Mimi pia nafanya kazi katika nyumba ya wazee, kule Sutton Coldfield, upande wa kufua. Najua shuka la mtu aliyengoja sana linavyofika kwangu. Nikaweka vema, nikaikoleza.

"Na hapa," akasema mwenye duka, "wanasema mimi nisivae hii." Akagusa ushungi wake. "Nikiwa kazi ya serikali."

"Hilo si zuri."

"Ah, mimi na serikali wapi na wapi? Nauza mchele." Akacheka. Lakini alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa huo huo ushungi, na alichukua muda kuirudisha puani. "Andika alama yako, usiniangalie mimi."

Nikaweka kosa.

Akaingia mteja wa mafuta ya nazi, tukangoja. Alipotoka tukafika pale nilipokuwa napaogopa. Anayeomba hifadhi asiingie tena. Vituo vipya vya kuwapokea visijengwe. Waliokataliwa waondoke. Nikaweka kosa haraka haraka. Halafu nikaliangalia lile kosa, nikaona nimeliweka kwa ajili ya binti yangu, si kwa kufikiri. Basi nikafikiri, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimelala. Nikaliacha pale pale, lakini nikiwa nimelifikiria. Sijui kama kuna tofauti. Mimi niliona ipo.

Mdogo wangu alifika Alhamisi, siku mbili kabla ya wageni, na jibini kubwa la duara kama gurudumu la kitoroli. Kabla hajavua viatu alikuwa ameshauliza kwa nini taka zimerundikana mtaani.

"Yaya, hapa ni mji au ni jaa?"

"Zitachukuliwa."

"Lini?"

"Karibu nyumbani," nikamwambia. "Kaa."

Binti yangu alimsalimia kwa heshima yote, akamchukulia koti, akamletea chai, na hakumtazama usoni hata mara moja. Halafu akapanda juu. Mdogo wangu akakoroga chai kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Na hii ni nini?" Nilikuwa nimeziacha zile karatasi mezani, chini ya bakuli la ndizi. Si kwa makusudi. Au labda kwa makusudi, mtu hajijui. Akazivuta, akaanza kufunua, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Yaya! Umesahihisha chama changu kama mwalimu wa darasa la pili!"

"Nilitaka kuwa wa haki."

"Umekipa vema ngapi?"

"Sikuhesabu. Hesabu ndiyo iliyonishinda."

Akafika kwenye lile la wazee, akaliwekea kidole. Hakuwa anacheka tena. "Hili ndilo. Bon, nikuambie. Asubuhi mimi niko peke yangu na korido nzima. Kuna bibi mmoja, kila siku ananiomba nimchane nywele. Ana nywele ndefu, nyeupe, alikuwa mtu wa kujipenda. Namwambia kesho. Ikifika kesho, namwambia kesho. Vyama vingine vyote vilisema vitaangalia. Hiki kiliandika."

"Na huku?" Nikamfunulia ukurasa wa mipaka.

"Huku umeweka kosa."

"Nimeweka."

"Yaya, sisi tuliingia wakati vitanda vipo. Sasa watu wanafika, vitanda hakuna, wanalala kwenye majani nje ya kituo. Nimewaona mimi mwenyewe nikipita na baiskeli. Kumwambia mtu usije, au kumwacha aje alale kwenye majani, lipi lina heshima?"

"Kumpa kitanda."

"Cha nani?"

Nikasogeza bakuli la ndizi. Nilikuwa na jibu, lakini lilikuja kesho yake nikiwa kwenye basi, kama majibu yangu yote, na hata hivyo halikuwa zuri sana.

"Mlango ukiachwa wazi mchana na usiku," akasema, "nyumba inaingia baridi, na wa kwanza kuugua ni mzee."

"Na yule mama wa mchele, avue ushungi?"

Akakuna kidevu. "Hilo sikulipenda. Lakini kura haikatwi kama mkate, uchukue kipande hiki uache kile. Unachukua mkate wote."

"Basi ungechukua mkate mwingine."

"Mwingine haukuwa na wazee ndani."

Naandika maneno yake kama alivyoyasema. Kama nimeyapendezesha zaidi ya yalivyokuwa, au nimeyapunguza, ni bahati mbaya. Kwa kweli ingenipa raha kuwa na ndugu mjinga. Mjinga unamsamehe, mnaendelea.

Ijumaa nilimpeleka dukani tununue mchele wa shughuli. Sikuwa na nia mbaya. Yeye na mwenye duka walianza Kiholanzi papo hapo, na ndani ya dakika chache walikuwa wamesahau kama nipo. Walikuwa wanataja vitu, naona, vyakula, maana kila kimoja kikitajwa wote wawili wanashika tumbo. Kulikuwa na pipi fulani nyeusi za chumvi, baadaye aliniambia, ambazo hakuna mtu mwenye akili anayezila, na wao wote wawili wanaziota. Mwenye duka alikuwa na pakiti moja chini ya meza. Akampa moja. Mdogo wangu akafumba macho.

Pipi ikiwa bado mdomoni mwake, yule mama akageukia Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Kumbe ndiyo wewe ulipiga kura ya kunikataa?"

Mdogo wangu alifumbua macho. "Dada, hapana. Si wewe."

"Basi ni nani? Niambie, nimpelekee salamu. Mimi nawajua wote."

"Ni... ni jambo la jumla."

"Ah, la jumla. Mimi huyo Jumla bado sijakutana na yeye." Akapima mchele, akafunga mfuko, akatupia juu yake konzi ya iliki ambayo hatukuiomba. "Ya bi harusi. Kula pipi yako, itayeyuka."

Tulitembea mpaka nyumbani, yeye amebeba mfuko begani. Karibu na mlango akasema, "Ana ulimi huyo mama." Ilikuwa sifa.

Jioni hiyo nilikuwa napiga kitenge pasi, nikamuuliza atasema nini kesho.

"Nitauliza kama baba alivyokuwa akiuliza."

Nikayapitia kichwani yale maswali tuliyoyasikia utotoni mara nyingi hata hatukuwa tunayasikiliza. Ninyi ni nani? Mmetoka wapi? Mmepita njia gani? Hapa nani anawajua? Mmekuja kukaa au mnapita? Na pasi ikanisimama mkononi. Yalikuwa yale yale. Yale niliyoulizwa mimi nilipoomba hifadhi, na yeye aliyoulizwa katika nchi yake ya sasa, mezani, mbele ya mtu aliyekuwa anaandika na mkalimani aliyekuwa anapiga miayo. Ajabu ni kwamba sikuwahi kuliona hilo. Kwetu maswali hayo ni mchezo, watu wanacheka, kila jibu lina kichekesho chake. Lakini yule kijana alikuwa ameulizwa bila mchezo, na amekataliwa mara moja, na aliyemkataa ni nchi ya huyu anayekwenda kumuuliza.

"Ruka lile la njia," nikamwambia.

"La njia ndilo tamu kuliko yote."

"Liruke."

"Nikiruka maswali, Yaya, mimi si mjomba. Ni bawabu tu." Halafu akasema, "Shati lako linaungua." Halikuwa shati, kilikuwa kitenge, lakini kweli kilianza kunukia.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Nyumba yetu ni ya zile zilizopangwa mstari mmoja, ukifungua mlango unakanyaga njia ya watu. Wageni walikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, wanaume kwa wanawake, mbele mzee wa kanisa letu aliyekuwa msemaji wao, ameshika mwavuli. Walileta soda, vitenge, na kuku aliyekwisha kusafishwa na kufungwa kwenye plastiki, kwa sababu kuku mzima ndani ya basi alikuwa amekataliwa na akili. Majirani wa Kipakistani walifungua madirisha yao. Kijana alisimama nyuma ya msemaji, suti ya kuazima, mvua nyweleni.

Mdogo wangu alisimama kizingitini, suti nzuri, na juu yake lile koti lake la mvua la baiskeli. Nilimwomba alivue. Hakulivua. Mimi nilikuwa kwenye korido, nyuma yake kidogo. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, amependeza kuliko nilivyowahi kumwona, na koti lake la nje limelala magotini. Mkono wake ulikuwa juu ya koti.

"Ninyi ni nani mnaogonga kwa watu wenye heshima?" akaanza mdogo wangu.

"Ni watu wema," akasema msemaji. "Tumesikia humu mna ua."

"Maua yanauzwa kwenye kituo cha mafuta, pale kona."

Watu wakacheka. Nikaanza kupumua.

"Yale ya kule yananyauka Jumatatu," akasema msemaji. "Sisi tunataka la kudumu."

"Mmetoka wapi?"

"Tyseley, mzee. Mbali sana. Tumevuka reli."

"Na mmepita njia gani?"

"Tumepita Coventry Road, tukapotelea kwenye mahindi ya kuchoma, tukajikokota mpaka hapa."

Kicheko tena. Ilipaswa kuishia hapo, aende kwenye swali linalofuata. Lakini mdogo wangu alipenda kuigiza tangu utotoni, na watu walikuwa wanacheka, na nadhani alisahau. Nataka kuandika kwamba alisahau. Akanyoosha shingo juu ya mwavuli wa mzee.

"Wewe mzee nimekuelewa. Na huyo anayejificha nyuma yako? Wewe kijana, wewe ulipita njia gani?"

Kijana alisogea mbele. Msemaji alimgusa mkono, kumkumbusha kwamba hatakiwi kujibu yeye, lakini hakuhisi. Alinyoosha mgongo. Akaanza kusema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti bapa, isiyopanda wala kushuka.

"Nilitoka Uvira, nikavuka Burundi. Nikaenda Tanzania. Nikapata ndege mpaka Uturuki. Nikapita majini mpaka Ugiriki. Nikatembea. Nikafika Uholanzi, nikaomba, wakanikataa. Nikapita Ufaransa. Nikapita majini mara ya pili." Na huku akisema, mkono wake uliingia mfuko wa ndani wa suti, ukatoa kadi, ile ya zamani ya mwombaji hifadhi, yenye picha aliyopigwa siku aliyofika. Siku hizi kibali chake kiko kwenye simu na hiyo kadi haina kazi yoyote, lakini bado anatembea nayo. Akamnyooshea mdogo wangu.

Hakuna aliyecheka. Mvua ilisikika kwenye mwavuli. Nilisikia ngazi ikilia nyuma yangu: binti yangu alikuwa amesimama, na mkono mmoja ulikuwa umeshaingia ndani ya koti.

Mdogo wangu aliipokea ile kadi. Hilo sikulitegemea. Aliiangalia, akaangalia picha, akamwangalia kijana, akaangalia picha tena. Nilikuwa nauona mgongo wake tu, na lile koti la mvua likidondosha maji juu ya zulia langu.

"Uholanzi walikuweka wapi?" akauliza. Taratibu.

"Kambini, mjomba."

"Walikupa chakula?"

"Walinipa. Mkate na jibini."

"Asubuhi?"

"Asubuhi mkate na jibini. Mchana mkate na jibini. Jioni walisema leo ni tofauti, tukafurahi." Kijana alisita. "Ulikuwa mkate na jibini wa kuchoma."

Mdogo wangu akatoa sauti ambayo sikuijua ni ya nini, mpaka ilipotoka yote ikawa kicheko. Alicheka akajishika kwenye mlango. "Mwanangu," akasema, "mimi wamenipa uraia, na bado ndicho wanachonipa!"

Na pale nje wote wakaanguka kicheko, hata majirani madirishani ambao hawakuelewa neno. Kijana pia alicheka, akiwa ameduwaa kidogo. Mdogo wangu akamrudishia kadi, hapana, aliitia yeye mwenyewe mfukoni mwa kijana, akapigapiga juu ya mfuko.

"Hii weka. Hapa mlangoni hatuulizi kadi. Nisamehe, swali langu lilikuwa la mchezo. Hapa tunauliza mama yako ni mtoto wa nani."

Kijana akamtaja mama yake, na baba wa mama yake, na mlima wao. Sauti yake ilirudi kuwa ile tunayoijua. Mdogo wangu akatikisa kichwa, ndiyo, huo mlima anaujua, wana ng'ombe wakorofi.

"Na umekuja kukaa au unapita?"

Lilikuwa swali la mwisho la baba yetu. Kijana hakumtazama mjomba, alitazama ngazi.

"Nimekuja kukaa, mkiniruhusu."

Mdogo wangu akajiweka kando, akabana tumbo lake ukutani ili watu wapite. "Basi ingia, ingia upesi, ingieni nyote, mnatuingizia baridi!"

Nilipogeuka, koti la binti yangu lilikuwa limetundikwa msumarini, na yeye alikuwa anashuka kumpokea mzee mwavuli. Alipompita mjomba wake alimwangalia usoni, mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Zulia la mama limelowa," akamwambia. Kwa Kiswahili.

Tulikula mpaka mchele ukaisha. Mkwe wangu alipewa kipande cha jibini na mjomba mwenyewe, mbele ya watu, akalazimika kukila chote. Baadaye, tukiosha vyombo, mdogo wangu akifuta na mimi nikisuuza, alisema bila kuulizwa, "Usifikiri nimebadilika, Yaya. Wakiitisha kura kesho sijui nitafanya nini, lakini yule bibi bado hajachanwa nywele."

"Sijafikiri kitu," nikasema.

"Umefikiri."

"Nimefikiri kidogo."

Akafuta sahani ile ile mara mbili. "Lile la njia ulisema niliruke."

"Nilisema."

"Basi." Na akachukua sahani nyingine.

Zile karatasi bado ziko chini ya bakuli la ndizi. Nimejaribu kuzitupa, naona si haki, na kuziweka vizuri pia naona si haki, kwa hiyo zipo hapo. Alama zangu sijabadilisha. Pale kwenye mipaka, pembeni ya kosa langu, sasa kuna doa la chai, na sikumbuki ni kikombe cha nani.

Jumapili iliyopita alipiga simu kama kawaida. Maharage yake yalikuwa yameungua. Nikamuuliza chama kinaendeleaje, akasema kipo, wanagombana, wahudumu bado hawajaongezwa. Nikamuuliza bibi.

"Ijumaa nilichelewa kwenda nyumbani, nikamchana. Zimefika mpaka hapa," akasema, na mimi kwenye simu sikuweza kuona hapa ni wapi, lakini nilielewa ni ndefu. Halafu akauliza tarehe ya harusi kwa mara nyingine, maana anataka kukata tiketi mapema. "Na mwambie mkwe nimeshamnunulia jibini."

"Hataki jibini."

"Najua," akasema. "Kubwa kuliko la kwanza."